Mto wa Kulalia Kilimani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka Dunda kwenda Kaole tu, naaga kama naenda Hija. Ndiyo maana dada wa mume wangu, anayeishi Mkange, alicheka aliponiona nimekuja kupumzika kwake siku mbili huku nimekumbatia mto wangu wa kulalia.

"Wifi, kile kilima cha nyuma ya nyumba yangu hukipandi. Kesho utalilia kwako, na mimi nitakutangaza kwenye kila shughuli mpaka uzeeke."

Namjua, angenitangaza kweli. Asubuhi nikajitwika mto kichwani, nikapanda naye. Katikati ya njia magoti yakanigomea.

"Turudi, bibi kitanda," akasema.

Nikamjibu sirudi, hata ikibidi nitambae. Na kipande kimoja nilitambaa kweli.

Juu kulikuwa na upepo, majani marefu na kimya ambacho sikukizoea. Nikatandika kanga kwenye kivuli cha kichaka, nikaweka mto, nikajilaza.

"Haya, umeshinda. Tushuke basi, wifi, jua linachoma."

"Tangulia," nikamwambia, nikageukia upande wa pili. "Mimi nipo kwangu."