Nibu ya Kioo na Posa ya Kaliua

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na katika uzee huu sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa ghala la nta na asali pale Tabora, na watu walinijia mpaka nyumbani niwaandikie bahasha tu. Bahasha, jamani! Zilizonitesa ni nibu za chuma. Masika yakianza zinashika kutu, zinakwaruza karatasi, kisha zinatema wino palepale unapotaka kumalizia herufi kwa madaha.

Siku moja nikaiona nibu ya kioo katika duka la Mwarabu mmoja karibu na stesheni. Ilikuwa fupi kama kidole cha mwisho, imesokotwa kama kamba, na wino ulikaa ndani ya mifereji yake, ukichovya mara moja unaandika mistari kadhaa. Kutu haiijui. Mpini wake ulikuwa umevunjika, ndiyo maana hakuna aliyeitaka. Nikaichukua, nikachonga mpini wa mninga, nikaishikiza kwa nta. Kwetu Unyamwezi kibuyu kikipasuka tunaziba kwa nta, sasa nibu ni kitu gani?

Kwa nibu hiyo niliandika barua ya posa. Binti mwenyewe alikuwa wa Kaliua, mwimbaji wa kwaya ya Wamoraviani. Tulifahamiana alipokuja Tabora kwa Pasaka, na tangu siku ile sikuwa na raha, chakula hakipiti. Mshenga wangu alikuwa mjomba. Alipeleka barua, akarudi amenuna.

"Wameipenda mno," alisema. "Baba mtu anasema umeandikiwa. Eti mwanamume anayeandikiwa posa, kesho atataka asaidiwe nini kingine? Uende ukaandike mbele yake, la sivyo binti humpati."

"Niandikiwe mimi?" Nilifura kwa hasira. "Twende hata kesho!"

Tukapanda gari moshi mwezi wa kumi, joto la kupika mtu. Kalamu niliichomeka mfuko wa shati ili kila abiria aione. Mjomba alinishauri niitie kwenye mkoba, nikamwambia aniache. Sikuwa na hofu hata chembe.

Wazee walikuwa wamekaa sebuleni wakitusubiri. Nikatoa shikamoo, wakaitikia marahaba, zikaletwa karatasi na chupa ya wino.

"Andika jina la binti yangu," alisema baba yake, "kama lilivyo kwenye barua."

Nikachovya kwa mbwembwe. Nilipoinua mkono, nimeshika mpini mtupu. Nta ilikuwa imelainika kifuani mwangu njia nzima, na nibu imebaki chupani.

Mama yangu wee! Mjomba alifumba macho. Mimi nilimwona mke wangu ananiponyoka hivihivi, na hapo ndipo hofu iliponishika kwelikweli. Nikatumbukiza vidole chupani, wino ukafurika ukanichuruzikia mkononi, nikaivua ile nibu, nikaandika nimeishika yenyewe bila mpini. Ilikuwa inateleza kama kambale. Herufi ya kwanza ikalala, za katikati zikagongana, ya mwisho ikazama ndani ya doa.

Baba mtu akaiweka barua yangu kando ya karatasi ile. Akatazama huku, akatazama huku.

"Huu si mwandiko ule."

Nikafungua mdomo nieleze habari za nta, akaninyamazisha kwa kiganja. Lakini desturi ni desturi, binti lazima aulizwe mwenyewe, na neno lake ndilo la mwisho. Akamwita kutoka ndani, akampa karatasi mbele yetu sote.

"Huyu ndiye mwandishi wako. Unasemaje?"

Alilisoma jina lake taratibu. Kisha akautazama mkono wangu, mweusi mpaka kwenye kiwiko.

"Mbaya kweli, baba," alisema. "Namtaka hivyo hivyo."

Nililia mbele ya wazee wa watu, na sikuweza hata kujifuta, maana mkono wote ulikuwa wino.