Mkalimani Aliyeapa Kunyamaza

Bosi wetu alikuwa Mkenya, na kosa alilofanya lilikuwa la Kikenya kabisa. Sisi tukiwa ugenini, mtu akikusikia unaongea Kiswahili kwenye foleni ya supamaketi atakuja kukukumbatia, atakuuliza unatoka kaunti gani, na kabla hujalipia vitunguu umeshaalikwa harusi. Kwa hiyo bosi aliposikia kwamba mzee mpya anayeletwa kwenye nyumba yetu ya wazee pale Crystal, Minnesota, anatoka Masedonia, na tayari tulikuwa na mzee mwingine wa huko huko, alifurahi utadhani amewakutanisha ndugu waliopotezana. Akawapa vyumba vinavyotazamana. Akanunua keki. Akatundika sebuleni bendera ya Masedonia, nyekundu yenye jua la manjano, ambayo aliiagiza kwa pesa zake mwenyewe, jambo ambalo hakuacha kutukumbusha.

Mzee mpya aliingia akishikwa mkono na binti yake. Akaitazama bendera. Akamtazama mzee aliyekaa chini ya bendera. Akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba hana hamu ya keki, akaomba aonyeshwe chumba chake, na akafunga mlango.

Binti yake alikuwa akisafisha maofisi kule Saint Louis Park na hakuwa na muda wa kukaa, ila alitueleza mambo jikoni, koti likiwa mwilini. Masedonia ni nchi ndogo ya milima huko Balkani, na ndani yake kuna Wamasedonia na Waalbania. Wote wamezaliwa humo, wote wamezika babu zao humo, na mwaka 2001 walipigana kwa bunduki. Baba yake ni Mwalbania. Alikuwa na duka la keki katika mji ambao wenyeji wake wengi ni Wamasedonia, na vurugu zilipofika mjini wateja wake wakalichoma. Siku ile aliapa kwamba Kimasedonia, lugha aliyouzia keki maisha yake yote, hakitatoka tena kinywani mwake.

Habari za mzee wa bendera tulikuwa tunazijua. Mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa askari, akauawa na wapiganaji wa Kialbania waliowavizia barabarani. Picha yake ilikuwa kando ya kitanda. Tulipolinganisha habari hizi mbili tukakuta kwamba wazee wametoka mji mmoja, na kwamba duka liliteketea wiki ile ile mji ulipokuwa ukiomboleza askari wake. Bosi akajikuna kidevu.

"Well," akasema, "at least watakuwa na stori za kupiga."

Basi wakaishi hivyo, maana binti alikuwa ameshazunguka kila mahali na kwingine hakukuwa na nafasi. Wote wawili tuliwaita Mzee, na kila mmoja aliamini kwamba hicho ni cheo alichopewa peke yake. Kila mmoja alikuwa na meza yake, dirisha lake na kikombe chake. Kahawa yao ilikuwa moja, ile nzito inayochemshwa na sukari kwenye kibirika chenye mkono mrefu, lakini Mmasedonia alisema ni kahawa ya Kimasedonia na mwenzake akasema Wamasedonia walijifunza kuchemsha kahawa kwa mama yake. Tulichofanya sisi ni kuchemsha kibirika kimoja, kumimina vikombe viwili, na kuapa kwamba vibirika vilikuwa viwili. Sijawahi kusema uongo uliopokewa vizuri namna ile. Kila mmoja alionja, akafumba macho, akasema hiyo ndiyo kahawa, si ile takataka ya yule.

Bosi hakuridhika. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya amani ya Wakenya wa Minnesota, kamati ambayo kundi lake la WhatsApp lilikuwa limevunjika mara mbili kwa matusi, na alijiona ana uzoefu. Akamleta mchungaji wake kutoka Champlin awapatanishe. Mmoja wa wazee alikuwa Mwothodoksi, mwingine Mwislamu, na mchungaji akawawekea mikono vichwani wote wawili akanena kwa lugha mpaka jasho likamtiririka. Hapo niliwaona wakikubaliana jambo kwa mara ya kwanza. Walitazamana kidogo tu, kisha kila mmoja akapeleka kidole sikioni na kuzima kifaa chake cha kusikilizia.

Nacheka sasa, lakini mwaka ule wa 2017 hatukuwa na ubavu wa kumcheka mtu. Kenya ilipiga kura Agosti, mahakama ikafuta, ikabidi ipigwe tena Oktoba, na nyumba yetu ya Crystal ikapasuka katikati kama kura zenyewe. Sitataja makabila. Mkenya yeyote angeyasoma kwenye ratiba ya zamu juu ya friji, ambapo wikendi zenye malipo ya ziada zilikuwa zimewaangukia, kwa bahati tu, watu wa nyumbani kwa bosi. Mimi na mwenzangu wa zamu ya asubuhi tulikuwa tukienda kazini kwa gari lake. Yeye ni wa upande ule na mimi ni wa upande huu. Mwaka 2008 watu wa upande ule walituchomea nyumba Bonde la Ufa, na yeye alikuwa na kaka aliyepigwa risasi na polisi ambao kwake wote walikuwa watu wa upande wangu. Tulikuwa hatujawahi kuyasema hayo. Kabla ya Agosti tulicheka njia nzima. Baada ya Agosti akawa anafungulia nyimbo za injili kwa sauti ya juu, nami natazama nje kama vile sijawahi kuona miti ya Minnesota.

Siku moja tulikuwa tunatandika kitanda cha Mmasedonia bila kusemezana, kila mtu na upande wake wa shuka. Akatuangalia kwa muda.

"Ninyi si mmetoka nchi moja?" akauliza.

"Ni mambo marefu, Mzee," mwenzangu akamjibu.

Kutoka chumba cha pili tukasikia Mwalbania akicheka. Alicheka mpaka akakohoa, na nilitamani kumnyima kahawa.

Mmasedonia alikuwa ameanza kusahau. Kwanza majina yetu, kisha tarehe, na kufikia vuli Kiingereza kilikuwa kikimtoka kidogo kidogo. Asubuhi angeomba maji kwa Kiingereza, mchana kwa Kimasedonia, na jioni angetukasirikia kwa nini hatuelewi. Mwanawe alikuwa Arizona na alipiga simu siku alizokumbuka. Kwa hiyo katika nyumba nzima mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa kila neno la mzee yule, na mtu huyo alikaa dirishani akinywa kahawa, amefumba mdomo kama boksi la kura.

Jumatatu moja ya Oktoba, baada ya kifungua kinywa, Mmasedonia alianza kulia kwa uchungu. Alijikunja kitandani, ameshika pazia kwa mkono mmoja, na nilipomsogelea akanipiga kofi mkononi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Mwenzangu akaingia, na injili zote zikaisha.

"Ume-call nurse?"

"Nime-call, anauliza maumivu yako wapi, yalianza lini. Mimi nitajuaje?"

"Mtoto wake?"

"Simu imezimwa."

Tukaita ambulensi. Huku tukiingoja tukapiga laini ya wakalimani. Muziki ukapigwa, kisha dada mmoja mwenye sauti tamu akasema mkalimani wa Kimasedonia hayupo kwa sasa, ila wana wa Kibulgaria, na lugha zinakaribiana sana. Tukamwekea mzee simu sikioni. Akasikiliza, akauma meno, na katika maumivu yale yote akapata nguvu ya kuirusha simu ukutani. Baadaye nilielewa kwamba hakuna jambo unaloweza kumwambia Mmasedonia likamwudhi kuliko kumwambia lugha yake ni Kibulgaria.

Wahudumu wa ambulensi walikuwa vijana wawili wapole. Walijaribu kumgusa tumbo, akapiga mateke. Walijaribu kumweka kwenye machela, akang'ang'ania kitanda. Mmoja akatuambia kwamba hawawezi kumfunga mtu mzima anayekataa, mpaka wajue kama anaelewa anachokataa, na kwamba kwa alivyomwona, akibaki hapa anaweza kufa leo. Alisema hivyo bila kupaza sauti.

Mwenzangu alikwenda dirishani kwa Mwalbania. Nikamfuata. Hatukupanga, lakini tulijikuta tumepiga magoti wote wawili mbele ya kiti chake.

"Mzee, tafadhali," mwenzangu akasema. "Muulize tu anaumwa wapi."

"Niliapa."

"Atakufa, Mzee."

"Na mimi walinichomea," akasema. "Watu niliowakatia keki za harusi. Walisimama wakaangalia."

Najua watu wanavyosimama na kuangalia. Nilimshika goti, nikalia, na nilikuwa namlilia yule aliyeko kitandani, lakini si yeye peke yake. Mwenzangu akaweka mkono mgongoni kwangu na hakuuondoa.

Mwalbania akautazama mkono ule. Akaweka kikombe chini, akachukua fimbo yake, akavuka ukumbi ambao hakuwahi kuuvuka. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema neno moja kwa lugha ile.

Mgonjwa akanyamaza. Akageuza kichwa. Kisha akaanza kumwaga maneno, mengine akiyatema, na mkono wake huru ukielekeza mlangoni.

"Anasemaje?" kijana wa ambulensi akauliza.

"Anasema wakati anakufa hataki kumwona Mwalbania," Mwalbania akatafsiri, bila kubadilisha uso. "Anasema sisi ni wezi na mama zetu pia. Anasema tumbo, upande wa kulia, tangu jana. Anatapika na kuficha. Anasema mimi nina sura ya mbuzi."

"Mwambie lazima twende hospitali."

Wakaongea. Sauti zikapanda, nikadhani ndiyo basi. Kisha mgonjwa akauliza jambo polepole, kwa sauti tofauti kabisa, ya mtu anayemuuliza jirani yake habari barabarani. Mwalbania akashika mwimo wa mlango.

"Anasemaje?" mwenzangu akauliza.

"Amenitambua. Anauliza kama ni mimi mwenye duka la keki karibu na kituo cha basi." Akaitegemeza fimbo yake ukutani. "Alikuwa akimpeleka mtoto wa dada yake pale. Anataka kujua kama leo nimefungua."

Mgonjwa alikuwa akimtazama, akisubiri. Mwalbania akamjibu kwa maneno machache, kwa upole niliokuwa sijauona kwake, na mgonjwa akaachia pazia. Wale vijana wakamnyanyua, naye akanyanyuliwa kimya, akajiweka sawa shati.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Kwamba nimefungua. Kwamba njia ya hospitali inapita pale."

Ambulensi ilipoondoka alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Nilitaka kumshukuru, nikaanza kusema Mungu atamlipa, akaninyooshea kidole.

"Msinielewe vibaya. Bado namchukia. Akirudi mtamwambia hivyo."

"Tutamwambiaje, Mzee?" mwenzangu akasema. "Sisi lugha hatuijui."

Akafikiri, amekunja uso.

"Basi nitamwambia mwenyewe."

Mgonjwa alipasuliwa siku hiyo hiyo na akarudi kabla ya theluji ya kwanza, Kiingereza kikiwa kimekwisha kabisa. Aliambiwa. Aliendelea kuambiwa kila asubuhi, mwenzake akiwa amevuta kiti mpaka kando ya kitanda ili asikike vizuri, na alikuwa bado anaambiwa siku nilipoacha kazi pale.