Lori la Mkate na Goti la Boone

Mungu alipomuumba Norb Pietrzak inaelekea alikuwa amebakiwa na vipandevipande tu, maana alimpa mdomo wa simba na magoti ya sungura. Mdomo ndio uliokuwa ukitangulia kufika, kisha Norb mwenyewe anafuata nyuma akihema, kuja kuona umemletea balaa gani. Alikuwa fundi wa mabasi ya shule, sasa amestaafu, na maisha yake yote alifanya kazi chini ya gari, amelala chali, kwa sababu aliye chini hana pa kuangukia. Ngazi aliiogopa kuliko mauti. Taa za Krismasi zilifungwa paani na mkewe, Arlene, huku yeye ameishika ngazi kwa chini na macho ameyafumba, jasho likimchuruzika mpaka theluji ikayeyuka miguuni pake na majani yakaota katikati ya Desemba. Majirani waliyaona.

Sasa, watu wa Buffalo, mji wa akina Norb kule Marekani, wana ugonjwa mmoja usio na dawa: timu yao ya mpira wa yai, ule wa Kimarekani unaorushwa na kudakwa kwa mikono. Vijana wao, siku ya mechi, hupanda juu ya magari pale maegeshoni wakajitupa chali juu ya meza za kukunja, meza ikapasuka, na watu wakashangilia kama vile mtoto amezaliwa. Usiniulize kwa nini. Kwao hiyo ndiyo ibada.

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na kama kila Ijumaa ya Kwaresima watu walijaa kwenye ukumbi wa zimamoto kula samaki wa kukaanga. Msimu wa mechi ulikuwa umekwisha, na huo ndio wakati mbaya zaidi, maana mpira ukisimama ndimi ndizo zinazoanza kukimbia. Siku hiyo ndimi zilikuwa zikimkimbilia Tavaris Boone, mdaka pasi wa timu, yule anayechomoka mbele kabisa na kuuchuma mpira hewani kama mtu anayechuma embe lake mwenyewe. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, alitaka mpya, mnono, na ilisemekana wakubwa wa timu wanataka kumtoa kwa timu nyingine ili wapewe nafasi ya kuchagua vijana wawili wa chuo.

"Watamtoa, na wafanye haraka," alisema Duane Mayfield. Huyu alikuwa dereva wa lori la mkate, rafiki yake Norb tangu ujana, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa. "Mishahara ina kikomo, bwana. Ukimshibisha Boone, nani atabaki kumlinda mrusha mpira? Wewe?"

"Mtu anadaka kwa vidole viwili kwenye tufani ya theluji, wewe unataka umbadilishe na watoto wasio na ndevu?"

"Ana goti bovu."

"Goti lake zima kuliko injini ya lori lako."

Meza nzima ikacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Norb. Kicheko kwake kilikuwa kama upepo kwenye tanga. Akasimama, kipande cha samaki mkononi, na mdomo ule ukafunguka. "Sikilizeni. Wakimtoa Boone, mimi Norb Pietrzak napanda juu ya lori la Duane, naruka juu ya meza. Hapo nje. Mbele yenu nyote."

Ukumbi ukapiga makofi mpaka viazi vikaruka sahanini. Arlene aliacha kutafuna. Duane alimtazama rafiki yake taratibu, kama mtu anayekagua mbuzi wa sikukuu. "Lori langu ni refu, mzee."

"Nalijua urefu wake," mdomo ukajibu. Magoti hayakuulizwa.

Jumanne iliyofuata Norb alikuwa jikoni akila mayai, redio ikasema: Boone ametolewa, anakwenda timu ya huko jangwani. Uma ukamponyoka. Mtangazaji akaendelea kueleza nani kampa nani nini, lakini Norb hakusikia tena ila damu yake mwenyewe ikivuma masikioni. Akaliona lori. Akajiona juu yake, mdogo kama nzi, na dunia iko chini, ngumu.

"Nani alikutuma?" Arlene aliuliza.

"Hakuna."

"Basi huyo Hakuna mwambie aruke yeye. Nyonga yako ile ya bati uliyowekewa hospitali hairuki."

Kabla mayai hayajapoa honi ililia nje. Duane, na lori lake, na tabasamu refu kuliko lori. "Nimekuja kukupa habari njema, mzee. Paa nimeliosha. Usije ukateleza kabla ya wakati."

Norb alishika fremu ya mlango. Hofu humfundisha mtu sheria haraka kuliko chuo. "Hajatolewa bado," alisema. "Mpaka madaktari wa timu mpya wamkague. Asipopita, mkataba unavunjika, kila mtu anarudi kwao. Wewe mwenyewe umesema ana goti bovu."

Duane akafikiri. Alipenda haki, huyo Duane, hasa ikiwa inamchelewesha mwenzake kwenye mateso. "Sawa. Wanamkagua Ijumaa. Likipita goti, unapita na wewe."

Kuanzia hapo Norb hakulala usingizi wa maana. Akipanda kitandani aliona kitanda kirefu. Akasimama juu ya kigoda kuchukua sukari, kizunguzungu kikamshika, akakaa sakafuni na kopo la sukari kifuani. Siku ya Alhamisi akaenda kanisani, akawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, akapiga magoti yale ya sungura, akanong'ona: "Mama, lile goti la Boone. Lisipite. Si lazima liwe bovu sana. Bovu kidogo tu."

Alikuwa ameshafika mlangoni ndipo maana ya maneno yake ilipomshukia. Alimwombea kijana wa watu ulemavu. Kijana ambaye Norb amemshangilia misimu yote, ambaye jezi yake ameivaa hata kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, chini ya koti. Hofu ya lori ikasogea pembeni ikaipisha hofu kubwa zaidi. Na hapohapo goti lake mwenyewe la kulia likaanza kuuma. Likavimba, wanasema, likawa kama boga.

Akarudi mbio, kwa jinsi mtu mwenye boga anavyoweza kukimbia. Auzime ule mshumaa wake. Lakini upi ni wake? Mishumaa ilikuwa imepangwa kwa safu, yote imefanana, yote inawaka kwa upole kama haina habari na mtu. Norb akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta pumzi, akaizima yote kwa mkupuo mmoja. Ya wagonjwa, ya wajane, ya wanaotafuta waume. Kisha akaona aibu, akaanza kuiwasha tena mmoja mmoja, na katika kila mmoja akasema, "Huu si wangu, Mama, huu si wangu." Wa mwisho akauacha bila moto. Akatoka akiwa hajui hata kidogo ameharibu dua za nani.

Ijumaa ukumbi ulijaa hadi mlangoni, watu wamekuja kwa samaki na kwa Norb. Yeye alikaa mbele ya sahani asiyoigusa, uso mweupe kuliko kachumbari ya kabichi. Simu ya Duane ikalia kidogo. Duane akasoma, akanyanyua kichwa.

"Goti zima. Amepita."

"Ashukuriwe Mungu," Norb akasema, na alimaanisha kweli. Ilikuwa furaha tupu, safi, ikakaa kifuani kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akaona watu wanabeba meza kwenda nje.

Arlene ndiye aliyeichagua meza hiyo, ile kuukuu ambayo miguu yake ilishaomba kustaafu, na chini yake akasukumia theluji laini kwa koleo, bila neno, amekasirika mgongo mzima. Kipandio cha lori kilikuwa ngazi ya chuma, nyembamba. Norb aliipanda kwa macho yaliyofumbwa, akikumbatia kila daraja kama mtu anayeaga ndugu. Alipofika juu, upepo wa ziwani ukampiga, akakaa kwa makalio, akashika paa kwa viganja na kucha.

Alisubiri wahesabu. Hakuna aliyehesabu. Huko chini walikuwa wameshaanza tena.

"Vijana wawili wa chuo kwa Boone? Tumenyolewa bila maji."

"Lakini mkataba wake umeondoka, sasa tunaweza kumnunua yule mdakaji mrefu."

"Yule anayedondosha mpira kama sabuni?"

Walibishana, mabega yamegeuka, mate yanaganda hewani. Mwisho Duane alitazama juu na kumkuta rafiki yake ameganda kama ndege wa saruji. Tabasamu lake likafutika.

"Norb. Shuka, bwana. Imetosha. Kupanda kwako kumelipa."

"Shuka, mume wangu," Arlene akasema, na sauti yake haikuwa na hasira tena.

Norb alitambaa hadi ukingoni kuitafuta ngazi. Akaunyoosha mguu nyuma, kinyumenyume, kwenye utupu. Mguu haukugusa kitu. Akaurudisha. Kupanda umefumba macho ni jambo moja. Kushuka kwa mgongo, usione uendako, ni kingine. "Siwezi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo watu wa Buffalo hawakuwahi kuisikia.

"Msiogope," akaitikia mkuu wa zimamoto, mtu mwema, na kinywa chake kimejaa viazi. "Sisi kazi yetu ni ipi?"

Wakalitoa gari jekundu. Taa zikawaka, mashine ikaguguma, na ile ngazi yao kubwa ikaanza kurefuka, pingili baada ya pingili, ikapanda juu mawinguni, ikainama, ikaanza kumjia Norb usoni huku inatikisika. Ngazi ndefu kuliko zote alizowahi kuziona. Inamfuata yeye.

Norb alisimama wima. Akapiga ukelele ambao mbwa wa ng'ambo ya ziwa, Kanada, waliujibu. Akaruka.

Meza ilipasuka katikati kama biskuti. Theluji ikarushwa pande zote. Kelele zikalipuka, na watu wakakimbia wakimwita shujaa, simba, mwanamume. Duane alikuwa akifuta macho. "Miaka yote hii nilidhani wewe mwoga," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Norb alilala chali, mahali pake pa siku zote, akapapasa nyonga ya bati, ipo. Juu yake ngazi ilikuwa bado inaning'inia, kwa hiyo akafumba macho. Hakumweleza mtu alikuwa akikimbia nini.

"Ila sasa," Duane akaendelea, kwa kuwa mtu haachi asili, "nasikia hata mrusha mpira mwenyewe wanataka kumtoa."

Macho ya Norb yakafumbuka. Kifua kikajaa. Mdomo wa simba ukafunguka, na Arlene, aliyekuwa amepiga magoti kando yake kwenye theluji, akautia kipande kizima cha samaki.

Norb akatafuna. Akatafuna polepole sana, akimtazama mkewe, mpaka Duane akachoka kusubiri jibu akaenda kubishana na mwingine.