Tulivyompeleka Nyumbani Kupitia Lwakhakha

Waliponiomba niingie kwenye kamati ya maadili ya hospitali moja hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, nilikuwa nimestaafu kazi ya magereza na nilidhani nimemaliza kukaa na watu walio kwenye saa mbaya. Walitaka mjumbe mmoja ambaye si daktari, si nesi, si padri. Walitaka pia mtu wa Kiswahili. Mimi nilizaliwa kambini Jinja, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini, na sisi watoto wa kambi tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Shuleni wenzangu walikiogopa. Kwao kilikuwa lugha ya askari vizuizini, ya kuamrishwa kushuka kwenye gari. Mimi nilikuwa sina kingine.

Kazi ya kamati ni kukaa. Daktari anaeleza hali ya mgonjwa, tunauliza maswali, ndugu wanaitwa, halafu tunashauri kama mashine ya kupumulia iendelee au iondolewe. Wanatuambia kwamba hatuamui, tunashauri tu. Lakini sijawahi kuona ushauri wetu ukikataliwa. Hata sasa nikitoka pale huwa nakaa kwanza kwenye benchi la nje.

Yule dereva aliletwa baada ya lori lake kugongana na jingine nje kidogo ya mji. Alikuwa Mkenya, mtu wa kijiji kimoja upande wa Bungoma. Kichwa kilikuwa kimeumia vibaya. Walimpasua, wakamweka kwenye mashine, na wiki zikapita bila yeye kufungua jicho. Daktari wake, mwanamke mwenye sauti ndogo ambaye siku zote alionekana kama ametoka zamu na anaingia nyingine, alituambia bila kuzungusha: ubongo hautarudi. Kifua kilijaribu kuvuta hewa chenyewe kidogo, lakini si ya kumtosha mtu kuishi.

Mashine zenyewe zilikuwa chache. Tulikuwa na kanuni kwamba mle chumbani hatumtaji mgonjwa mwingine anayesubiri, na hatukumtaja. Lakini kila mmoja wetu alikuwa amepita wodini akiingia, akamwona msichana aliyekuwa akipewa hewa kwa mfuko wa kuminywa kwa mkono.

Ndugu walikuwa wawili: mke wa dereva, na kaka mkubwa wa dereva mwenyewe, mwalimu. Walikaa upande wangu wa meza. Mwanasheria wa kamati alizungumza kwa Kiingereza, nami nikatafsiri.

"Wanauliza kama mko tayari mashine izimwe," nikasema.

Mke akanitazama. "Kinachozimwa ni taa, mama."

Niliona haya. Nikatafuta neno jingine, na Kiswahili changu cha kambi, ambacho katika kusimulia hapa nimekinyoosha, hakikuwa nalo karibu. Mwisho nikasema, "Wanauliza kama mko tayari kumwachia aende."

Kaka mtu akatikisa kichwa. "Mimi nimeelewa daktari anavyosema, afande." Alikuwa amewasikia wengine wakiniita hivyo. "Lakini mama yetu yuko nyumbani, hawezi kusafiri. Nikirudi na jeneza nimwambie tulikubali mashine iondolewe, atasema tumemuua mtoto wake. Atasema hivyo mpaka anakufa."

"Kwa hiyo unataka iendelee?" mwanasheria akauliza, nami nikamuuliza.

"Sitaki iendelee. Sitaki pia kuwa mimi niliyesema."

Padri wa kamati alikuwa akiangalia mikono yake. Ndipo mke akaongea, polepole, kama mtu aliyekwisha kulipanga jambo hilo peke yake kwenye mkeka aliolalia koridoni.

"Mimi sikatai afe. Amelala barabarani miaka yote ya ndoa yetu. Mombasa, Kampala, Juba. Nakataa hata kufa afie huku, kwa watu wasiomjua. Mpelekeni nyumbani akiwa anapumua. Mama yake amshike. Halafu mumwachie."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mwanasheria akauliza tutafanya nini akifia njiani, akifia mpakani, nani atajibu. Yalikuwa maswali ya haki. Msimamizi wa hospitali akasema ambulensi si ya kazi hiyo. Daktari alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Akasema, "Nesi mmoja akikubali kwenda, nitaandika barua ya mpakani mwenyewe." Padri akasema naye anakubali. Nami nikakubali, nikasema nitaenda nao, kwa sababu nesi hakuwa anajua Kiswahili.

Tuliondoka asubuhi. Tulipita mpaka mdogo wa Lwakhakha kwa sababu foleni ya malori kwenye mpaka wa Malaba ingetumaliza. Nesi, kijana mpana wa mabega, alikaa kichwani kwa mgonjwa akiminya ule mfuko wa mpira unaosukuma hewa. Kuminya, kuachia, kuminya, kuachia. Mikono yake ilipochoka alimfundisha mke, na mke akaminya. Kisha kaka mtu. Kisha mimi. Sikujua kwamba kumpumulia mtu ni kazi ya vidole, na kwamba vidole huuma upesi hivyo. Kifua kilipanda kila nilipominya, na niliogopa kupiga chafya.

Mpakani ofisa wa upande wa Kenya alifungua mlango wa nyuma, akasoma barua, akatutazama mmoja mmoja. "Poleni," akasema, akaufunga taratibu.

Nyumbani walikuwa wametandika kitanda sebuleni, tukamlaza hapo. Mama yake mzee aliketi kando yake, mdogo wa umbo, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Hakulia. Alishika mguu wa mwanawe, akaukunja na kuunyoosha kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. Mwalimu alipiga magoti akaanza kumweleza, daktari alisema hivi, kamati ilisema vile. Mama akamkatiza kwa lugha yao. Baadaye mke aliniambia alichosema: "Naona. Huna haja ya kunieleza."

Mama ndiye aliyemgeukia nesi na kuonyesha ule mrija wa hewa mdomoni, utolewe. Nesi akanitazama. Nikamtazama mke, naye akaitika kwa kichwa. Mrija ukatoka. Dereva akapumua mwenyewe, pumzi za mbali mbali, wakati wanawake wakiimba kwa sauti ya chini. Chai ililetwa, tukainywa kwa sababu tulikuwa tumechoka na hakukuwa na namna nyingine ya kukaa pale. Kabla jua halijashuka akawa amekwenda. Mwalimu alitoka nje akaegemea ukuta, nikamsikia akilia.

Tulirudi Mbale nesi akiwa amelala kiti cha mbele, mikono imelegea mapajani.

Ningependa kusema hospitali ilijifunza jambo. Baadaye tuliambiwa safari kama ile isirudiwe, na sababu walizotoa hazikuwa za kijinga. Halafu akaja mzee mmoja wa Buwenge, upande wa Jinja, na binti zake wakaomba vilevile: baba afike nyumbani kwanza. Nilizungumza kuliko nilivyowahi kuzungumza katika kamati ile. Yule daktari wa sauti ndogo hakuwepo, alikuwa amehamishwa. Wajumbe wengine wakasema hapana. Mrija ulitolewa wodini, nyuma ya pazia, huku redio ya mtu ikisikika kutoka kitanda cha pili. Binti mkubwa alinishukuru. Sijui alinishukuru kwa nini.

Wiki ile nilikwenda Bugembe, karibu na Jinja, kwa dada yangu. Nilimsimulia yote mawili, la dereva na la mzee. Alikuwa akimenya matoke.

"Na wewe," akaniuliza, "ikifika zamu yako, tukufanyeje?"

Nilijua nina jibu. Mtu aliyekaa kwenye kamati ile lazima awe nalo. Lakini nilikuwa nimechoka hata kulitamka, nikamwambia tupike kwanza, tule, nitamwambia kesho. Akachukua ndizi nyingine. Nikalala palepale kwenye kiti, na kisu chake kikiendelea kumenya.