Gari Lisilotaka Mguu wa Kushoto

Mwaka jana nilipanda teksi kuukuu huko Mtwara, mmoja katika miji mingi niliyokaa miezi michache kisha nikaondoka, kama ilivyo tabia yangu. Dereva alipozidisha mwendo kwenye barabara nyoofu, kikaanza kulia kikengele kidogo ndani ya dashibodi, king kong, king kong, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Dereva akaniomba radhi. Akasema magari ya zamani ya Kijapani yana adabu hiyo, ukivuka kilomita mia yanakuonya, na yeye hajapata fundi wa kukinyamazisha. Nikamwambia akiache kilie. Nilikuwa nimegeuzia uso dirishani. Sikutaka kumweleza mtu nisiyemjua kwamba kikengele kile nakijua tangu nina miaka tisa, na kwamba siku niliyokisikia mara ya kwanza nilikuwa pande za Changamwe, Mombasa, kiti cha nyuma, na aliyeshika usukani alikuwa mtu wa mguu mmoja.

Ninyi nitawaeleza.

Tulikaa Magongo, nyumba ya vyumba vitatu isiyokuwa mbali na barabara kuu ya Nairobi. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kuunganisha magari. Vipande vilikuja kwa meli ndani ya makasha ya mbao, na wao kule kiwandani waliviunga mpaka likawa gari. Kazi ya Baba ilikuwa giaboksi. Alirudi jioni akinuka grisi na sabuni ya unga, na mistari ya viganja vyake ilikuwa myeusi hata siku ya Idi. Pikapu yake ya buluu ilitoka kiwandani humo humo, naye aliamini kabisa kwamba giaboksi iliyokuwa ndani yake aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Nami niliamini. Akibadilisha gia niliona kama anashikana mkono na mtu anayemjua.

Jumapili asubuhi wenye magari wa mtaa wetu walikutana penye kioski cha maji, hatua chache kutoka mlangoni petu, kuosha magari yao. Walikuwa watano sita hivi, na wote walikuwa na magari yaliyoungwa hapa nchini, isipokuwa Bwana Mutua. Huyu alikuwa jirani yetu aliyetoka Machakos, karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kila siku aliyaona magari yaliyotumika Japani yakishuka melini, na mwaka ule naye akajinunulia moja, la rangi ya fedha, tena otomatiki, lisilo na gia za mkono.

Basi ubishi ukawa wa kila wiki, na wallahi haukuchosha. Baba alisema gari lililoungwa hapa limeungwa na watu wanaozijua barabara za hapa. Springi zimekazwa kwa mashimo ya Kibarani, rejeta imepimwa kwa jua la Mombasa, na likiharibika kipuri unakipata kabla chai haijapoa. Lile la Mutua limezoea baridi na lami laini kama mkeka. Tena limeshamchosha mtu mwingine, ndiyo maana akaliuza. Mutua alikuwa akicheka tu huku akisugua magurudumu. Aliwauliza ni nani kati yao ambaye mvua ikinyesha haendeshi na kitambaa mapajani cha kupangusia maji. Aliwauliza ni nani anayefunga mlango wa gari lake bila kumwamsha mtoto wa jirani.

Ubishi ulipofika kwenye gia, hapo sauti zilipanda. Baba alisema gari lisilo na klachi si gari, ni kiti cha kinyozi. Betri ikifa utalisukuma vipi mpaka liwake? Ukiteremka mlima utalizuia na nini? Na giaboksi yake ikifa, nani katika Changamwe hii ataifungua?

"Umesahau kitu moja tu," Mutua alimjibu siku moja. "Bado haijakufa."

Mimi gari la Baba nililipenda kwa heshima. Lile la Mutua nililipenda kwa siri. Nilikuwa nikilizunguka nikijifanya natafuta kitu nilichoangusha. Vioo vilishuka kwa kubonyeza kidude. Penye kioo cha mbele palibandikwa karatasi yenye maandishi kama vijumba vilivyojengwa kwa njiti za kiberiti, na hapakuwa na mtu mtaani wa kuyasoma, wala Mutua mwenyewe. Ndani mlinukia tunda ambalo halioti kwetu. Hata leo, baada ya kutembea kote nilikotembea, sijalijua ni tunda gani.

Aliyeumizwa na ubishi ule, na hakuna aliyelijua hilo, alikuwa Mjomba Athmani, kaka yake Mama. Miaka kumi na miwili aliendesha malori ya mizigo hadi Malaba, mpakani na Uganda, mpaka siku moja lori lilipinduka karibu na Voi na kumkata mguu wa kushoto chini ya goti. Alikuja kwetu na mikongojo na begi moja. Watu waliokuja kumpa pole aliwauliza habari za watoto wao, mpaka wakasahau kilichowaleta. Kutwa alikaa kwenye benchi mlangoni petu, na mwaka mzima hakwenda mbali zaidi ya benchi lile.

Lakini masikio yake yalikuwa barabarani. Malori yakitoka Kibarani huwa yanapanda kilima kuingia Changamwe, na ngurumo zake zilitufikia. Mjomba alifumba macho akasikiliza. "Huyo kabeba saruji, mama," aliniambia. Aliniita mama kwa vile nina jina la mama yake. "Gia ya tatu imemlemea. Sasa hivi atarudi ya pili." Na kweli, ngurumo ikabadilika. Niliona ni uchawi. Kisha siku moja nikaona jambo jingine, nikajuta kuliona. Lori lilikuwa linapanda, mkono wake wa kushoto ukasukuma kitu kisichokuwepo hewani, na chini ya kikoi kile kigutu chake kikashuka, kikakanyaga, kikapanda tena. Alikuwa anabadilisha gia pamoja na dereva asiyemwona. Wenye magari wakibishana pale kioskini juu ya klachi ipi nzuri, yeye aliinamisha kichwa kama anayetafuta mwiba kiganjani.

Jumapili moja Mutua alichoka kutukanwa. Akamrushia Baba funguo. "Endesha kwanza, Mzee. Ukirudi, tukana."

Baba hakuweza kukataa mbele ya watu. Mutua akakaa ubavuni pake, nami nikaomba mpaka nikaachiwa kiti cha nyuma. Gari likaondoka kimya. Sasa, mikono ya Baba haikuwa na neno. Kilicholeta mambo ni mguu. Kwa miaka ishirini mguu wake wa kushoto ulikuwa umezoea kuigandamiza klachi hadi chini kabla ya jambo lolote. Ukaitafuta klachi, ukakuta pedali pana, ukaikanyaga kwa nguvu zote. Ile ilikuwa breki. Gari likasimama kama lililogonga ukuta, kofia ya Baba ikatangulia dashibodini na Mutua akaifuata. Wakajipangusa, wakaondoka tena, na mguu ukarudia. Kabla hatujafika njia panda tulikuwa tumesimama hivyo mara tatu, na nyuma yetu wanaume wazima walikuwa wamekaa chini penye maji wakishika matumbo kwa kicheko.

Mchana Baba hakula. Tulikuwa mkekani tukizunguka sinia, naye akawa anautazama upande wa kikoi cha Mjomba uliokuwa mtupu. Akautazama mpaka Mama akamfinya. Ghafla akainuka, akanawa, akanishika mkono tukaenda kwa Mutua. Mlangoni pake alitoa salamu, akauliza hali za nyumbani, kisha akaanza kuomba kitu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia. Nilingoja Mutua acheke. Alimpa funguo kabla hajamaliza sentensi, na yeye mwenyewe akavaa viatu akatufuata.

Baba aliendesha hadi mlangoni petu, mguu wa kushoto ameukunja chini ya kiti kama anayeuficha. Akashuka, akaacha mlango wa dereva wazi mbele ya lile benchi.

"Ingia, shemeji."

"Kwenda wapi?"

"Popote utakapotupeleka."

Mjomba akatabasamu lile tabasamu lake la kufukuzia watu, akasema mzaha nao una mpaka wake.

"Mguu wangu wa kushoto umenifedhehesha leo mbele ya watu," Baba akasema. "Gari hili haliutaki. Dereva wake ni wewe, si mimi."

Mama, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa ukali kwamba hivyo sivyo mtu anavyosemeshwa. Mjomba akamnyooshea mkono anyamaze. Alilitazama gari muda mrefu, kutoka taa hadi taa. Akaichukua mikongojo, akaja, akakaa kwenye kiti cha dereva, na mikongojo akanipa mimi, niliyeingia nyuma na Mutua, niipakate. Baba akakaa ubavuni pake.

Nilikuwa nyuma yake kidogo kwa upande, nikaona kila kitu. Alisogeza kiti. Alitengeneza kioo. Alitia gari moto, akaiweka mikono yote miwili kwenye usukani. Kisha tukaondoka. Kigutu kikakanyaga kama kawaida yake, lakini kilikanyaga hewa, na hewa haina breki. Gari likabadilisha gia lenyewe, laini, kama mtu anayegeuka usingizini. Hakuna aliyerushwa, hakuna kofia iliyoanguka. Tulipita penye kioski cha maji, na wale wenye magari wakasimama, ndoo mikononi.

Mjomba hakugeuza. Alishika barabara kuu, tukapita Miritini, na hapo, barabara ilipofunguka, kile kikengele kikaanza kulia. Nilidhani gari linashangilia. Mutua akamgusa begani, akamwambia taratibu kwamba amevuka mia. Mjomba akapunguza mwendo huku akicheka, machozi yamemfika kidevuni, na Baba aliyekaa karibu yake akatazama mashamba upande wa pili mpaka tukarudi. Katika safari zangu zote nimeona milima yenye theluji na maporomoko yanayotikisa ardhi. Sijaona kitu kilichonifanya nijihisi mdogo namna ile.

Kabla mwaka haujaisha Baba aliiuza pikapu. Mutua akamtafutia bandarini gari dogo la otomatiki, jeupe, na Mjomba akalifanya teksi, akaegesha penye mzunguko wa Changamwe. Baba akawa anakwenda kazini kwa baiskeli. Penye kioski walimwambia amehama chama. Yeye alimsaidia Mjomba kuosha gari, wala hakujibu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa ukimya ule. Siku zile kiwandani kazi ilikuwa inapungua. Wiki ya siku tano ilikuwa ya siku tatu, na kila meli iliyoteremsha magari yaliyotumika iliwarudisha wafanyakazi nyumbani bila kazi. Baba alilijua hilo siku aliyokwenda mlangoni kwa Mutua. Kumbe ule ubishi wote wa springi na rejeta ulikuwa wa mtu anayetetea mikono yake. Na bado alikwenda akalileta gari lile kwetu, kwa sababu alimwona mtu mmoja linayemfaa.

Siku Baba na wenzake walipoambiwa wasirudi tena kiwandani, Mjomba alikwenda kumchukua getini kwa lile gari jeupe, nami nikiwa nyuma na sare yangu ya shule. Wafanyakazi walitoka kwa makundi, vitambulisho mikononi. Walipoliona gari wakasimama. Mmoja aligeuka akatupa kisogo. Baba alitoka katikati yao akiwa amebeba ovaroli zake ndani ya mfuko, akatembea polepole mbele ya macho yao yote, akafungua mlango, akaketi kando ya Mjomba, akasema, "Twende, dereva."

Wenzake walitutazama mpaka tukaingia barabarani. Nami, kwa furaha, niliwapungia mkono, nikidhani wanatuonea wivu.