Korongo wa Kitabu cha Nne

Kwa miaka kumi na tisa fundi alishona sare za shule, na vitabu vyake aliviandikia papo hapo kwenye meza ya kukatia vitambaa, nyuma ya karatasi za vipimo. Vitatu vilishachapwa, vyote hadithi moja ndefu: msichana mwenye taa anasafiri kwenda mji wa Mfalme, akiongozwa na korongo mzee, mlalamishi, asemaye kweli hata pale asipoulizwa. Watoto wa shule ya Jumapili walivigombania. Mama mkwe wake naye alivisoma, akidai anatafuta makosa ya maandishi. Kurasa zilirudi zimelowa machozi.

Lakini msomaji wa kwanza alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka kumi na minne, aliyezaliwa na tundu moyoni. Huyo hakuwa na huruma.

"Mama, hapa umehubiri," alikuwa akisema, huku akipiga mstari mwekundu. "Korongo hahubiri. Anasema lake, anapiga chafya, safari inaendelea."

Walipofika kitabu cha nne, moyo wa binti ulianza kuchoka. Akalazwa. Fundi akampelekea sura ya mwisho wodini. Binti aliisoma polepole, kisha akaiweka kifuani.

"Mwaka jana uliniambia korongo anakufa bondeni."

"Nimebadili."

"Kwa nini anapona?"

"Kwani Mfalme hawezi kumponya?"

"Anaweza." Binti akavuta pumzi. "Lakini hapa hakumponya Mfalme, mama. Umemponya wewe, kwa woga."

Fundi akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Mwache afe," binti akasema. "Ila msichana akae naye. Asiende popote."

"Sawa, mwanangu."

Siku ya tatu, mchana kweupe, fundi alishuka ghorofa moja tu kuchukua maji ya moto ya chai. Foleni ilikuwa ya watu wanne. Aliporudi, muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri, na fundi akajua kabla hajaambiwa.

Kwenye maziko watu walimwambia mwanawe yuko mahali pema. Alimwitikia kila mmoja amina, na alimaanisha. Kilichomla moyo ni wale watu wanne. Angewaomba radhi tu, wangempisha.

Wiki sita hakugusa kalamu. Kisha akaketi, akaliandika bonde lote upya. Korongo amelala majanini. Msichana ana kiu, koo limemkauka, mto uko hatua ishirini, na haendi. Machozi yalichafua wino, akaandika tena. Hakuhubiri hata mstari mmoja.

Mhariri alimpigia simu. "Dada, wasomaji watauliza. Kitabu cha tano korongo atafufuka?"

"Atafufuka," fundi akasema. "Hilo naliamini. Jinsi ya kuliandika ndiyo siijui. Nikijua nitakwambia."

Kitabu kilitoka hivyo hivyo. Jumapili iliyofuata, kitoto cha kike kilimvuta sketi nje ya kanisa.

"Shangazi, korongo aliumia sana?"

Fundi akachutama. Akainyoosha kola ya gauni la mtoto, akainyoosha tena na tena. Mama mkwe akamshika kiwiko, akamwinua, wakaingia ndani. Wimbo ulipoanza alisimama kama wengine, kitabu cha nyimbo wazi mkononi, midomo imefungwa. Kando yake mama mkwe, ambaye hajawahi kuipatia sauti ya wimbo hata siku moja, aliimba kwa niaba ya wote wawili.