Ukuta wa Ngowa

Mtu akikuambia Ngowa ni mpole, mwulize alimwona wapi. Mimi nimemkaangia viazi karai tangu aanze kubeba magunia kwenye magodauni ya Shimanzi, na nimemwona akimng'oa mtu meno kwa sababu ya kusukumwa kwenye foleni ya chai. Mikono yake mizito na hasira zake za karibu. Lakini alikuwa na kitu kimoja alichokipenda, nacho ni lile jumba bovu ukitoka Majengo kushuka Mji wa Kale, tuliloliita Nyumba ya Wachukuzi.

Humo ndimo wachukuzi wa bandarini walimokuwa wakikutana enzi za mkoloni. Walipogoma, askari waliwafuata na marungu, na babu yake Ngowa akapasuliwa kichwa palepale mlangoni. Akafa. Ikatangazwa kwamba aliteleza kwenye ngazi akajigonga. Aliteleza! Nyumba yenyewe ni ya chini, haina ngazi hata ya dawa. Ngowa alikua akimwona baba yake akilia kwa neno hilo kila alipokunywa mnazi. Basi akaapa kwamba nyumba ile itatengenezwa, watoto wa shule waingizwe ndani, waambiwe ukweli.

Tukaunda kamati, mimi nikawekwa msemaji, kwa kuwa eti nina mdomo. Mwenye kiwanja alitupa muda hadi mwisho wa mwaka. Tusipoezeka paa, anamwuzia Lennox, tajiri wa malori, abomoe aegeshe magari yake. Kwa hiyo harambee yetu ilikuwa ya kufa na kupona.

Tukaifanya Jumapili, mbele ya ukuta wa mlango. Ngoma ikapigwa, wachezaji wakatuzwa, kisha Ngowa akasimama kunadi jogoo. Unamnunua, unamrudisha, ananadiwa tena, ndivyo harambee inavyochangamka. Jogoo alishauzwa kwa watu kadhaa, vicheko tele, ndipo vijana wa Lennox wakashuka kwenye lori na nondo mikononi. Mmoja wao, jitu la miraba minne, akampokonya Ngowa yule jogoo, akamng'oa kichwa, akampiga Ngowa usoni kwa mzoga wake.

"Harambee imekwisha," akasema.

Damu ya kuku ikamchuruzika Ngowa machoni. Nikapiga kelele, "Ngowa, wacha! Nakwambia wacha!" Wapi! Alinyoosha mkono nyuma, akachomoa jiwe ukutani. Kuta zile ni za matumbawe, na chokaa ilishaoza, kwa hiyo jiwe lilitoka kama jino bovu. Akamshindilia nalo yule kijana kwenye taya. Haki ya Mungu, nilisikia mfupa ukivunjika. Nondo ikamshukia Ngowa begani, ya pili ikampasua paji la uso, naye hakuanguka.

Basi sote tukaugeukia ukuta. Wazee, akina mama, wapiga ngoma, kila mtu anachomoa na kuvurumisha. Mimi pia, na sijuti, niliyemlenga nilimpata puani. Kioo cha lori kikamwagika. Kijana mmoja sikio lake lilibaki likining'inia, naye alipoinama kulishika akaongezwa jiwe la kichwa. Mama mmoja wa kwetu alivunjwa mkono kwa nondo, akaendelea kurusha kwa mkono wa pili. Mwishowe wakakimbia wakimburuta mwenzao, nasi tukapiga vigelegele.

Vigelegele havijaisha, ukuta ukaguna nyuma yetu. Ukashuka wote, na mlango wake, na boriti zake. Vumbi lilipotua, Mzee Kiti, mpiga zumari wetu, alikuwa chini ya mawe anaita mama yake. Baadaye hospitalini wakamkata mguu. Na Ngowa alikuwa amesimama palepale, jiwe bado mkononi, analia kwa sauti mbele za watu.

Kamati ikakutana kando ya kitanda cha Mzee Kiti. Tukakubaliana tuseme ukuta uliangushwa na vijana wa Lennox, kwa lori. Nani angebisha? Mzee Kiti mwenyewe aliafiki. Ngowa hakusema kitu, nami nikadhani amekubali.

Habari zikafika mbali, akaja Bi Beverly kutoka Nairobi, wa shirika la hisani. Tukampokea Ngome ya Yesu, tukamtembeza kwa miguu hadi kwetu. Mkononi alikuwa na ahadi ya kila kitu, ukuta, paa, hata madawati ya watoto. Akautazama ule ufusi, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo ni hao vijana walioubomoa?"

"Ndio hao hao, mama," nikadakia. "Kwa lori."

"Si wao," Ngowa akasema. "Ni sisi. Na jiwe la kwanza nililichomoa mimi."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Bi Beverly akatutazama mmoja mmoja. Akasema kwa adabu kwamba shirika lake halisaidii watu wa vurugu, wala wa uongo, akaaga akaenda zake.

Nilimrukia Ngowa. Nikamshika shati nikamzaba kofi, nikamzaba la pili, mdomo ukatoka damu. "Umetuua! Nyumba hiyooo, kwa Lennox! Na mguu wa Mzee Kiti umekwenda bure!"

Nilingoja anirudishie. Hakunirudishia. Alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Mama Stacy," akasema, "babu yangu walisema aliteleza."

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nilikuwa bado nina hasira naye, na mpaka leo ninazo. Lori la Lennox limeshaegeshwa kando ya kiwanja, dereva amelala ndani, anangoja mwaka uishe. Ngowa kila akitoka kazini huja kuokota mawe na kuyapanga. Yale yenye madoa ya damu huyaweka peke yake. Juzi nikamwuliza ni ya nini.

"Haya ya mlangoni," akasema. "Watoto watauliza."